Unyayo wa Kanga kwenye Barua

Mume wangu Evodi hakuweza kuomba hata chumvi bila mfano. "Mama Juliana," alikuwa akisema, "mboga hii ni mgeni aliyeingia bila kusalimia." Mimi namjibu, "Sema haijakolea, nikuongezee." Alisoma kwa mapadri, akarudi Inyonga kuwa katekista, na huko alikosoma walimwingiza kichwani kwamba neno lililovaa nguo huheshimiwa kuliko lililo uchi. Niliona nguo nyingine zinambana. Lakini nilimpenda, na alipoanza ile barua ya kwa Gavana sikumzuia.

Barua ilikuwa na sababu yake. Nilipokuwa mtoto, serikali ilituondoa vijijini mwetu msituni kwa ajili ya malale. Mbung'o walikuwa wanaua watu, hilo sibishi. Kaka yangu Kasimiri alianza kusinzia akiwa na tonge mkononi, na kabla ya mavuno tulikuwa tumemzika. Tukakusanywa mahali pamoja, tukaamriwa kufyeka pande zote, mpaka ukisimama mwisho wa mashamba unauona msitu kule mbali, umejipanga mstari. Mstari ule ukawa mwisho wa dunia yetu. Kuuvuka, kibali. Kwenda kumzika shangazi, kibali. Na kabla ya kibali, bwana wa zahanati anakupapasa shingo kutafuta uvimbe, kama unayenunuliwa mnadani. Walituahidi kwamba ugonjwa ukiisha tutarudi kwetu. Nikavunja ungo, nikaolewa, nikamzaa Juliana, na bado tulikuwa tunangoja uishe.

Kilichotuweka hai ni mizinga. Wanaume walikuwa wakipewa kibali cha kwenda kurina asali msimu ukifika, wanarudi na vilindo vya magome vimejaa, na uso wa baba yangu, mzee Gaspar, unakuwa uso wa mtu aliyetoka kwao. Halafu ukaja mwaka ambao msitu wenyewe ulitangazwa hifadhi ya wanyama. Vibali vya asali vikafutwa. Huku nyuma tumefungiwa kwa ajili ya mbung'o, na kule mbele tumefungiwa kwa ajili ya tembo. Nilimwambia Evodi kwamba katika nchi hii ni binadamu tu asiye na hifadhi. Akacheka, akataka kuiandika. Nikamwambia, iandike.

Wanaume hawakuacha kwenda, msinielewe vibaya. Waliacha kwenda wakionekana.

Basi Evodi akaandika. Aliandika akiwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, mchana kweupe, na kila akimaliza maneno mawili matatu anakuja jikoni kunisomea. "Mheshimiwa Gavana, sisi ni nyuki waliozibiwa mzinga ncha zote mbili. Tuliambiwa tumezibiwa kwa sababu ya moshi uliokuwa nje. Moshi umekwisha, vizibo vimebaki. Nyuki aliyezibiwa hula asali yake mpaka iishe, halafu hufa juu ya masega aliyoyajenga mwenyewe."

"Kwa nini usiseme tu kwamba tunataka kurudi kwetu?" nilimwuliza.

"Hilo watu wengi wameshalisema. Limesikilizwa?"

Na kusema kweli, pale pa nyuki kufa juu ya masega yake nilimkumbuka Kasimiri, nikageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wazee walikuja kuisikiliza siku ya Jumapili baada ya sala. Aliwasomea yote. Waliguna mahali pa kugunia, na mzee Bartolomeo, mwenzake baba wa tangu ujana, aliyekuwa akilala naye kambi moja msituni kila msimu, aliomba pale pa vizibo pasomwe tena. Ukaja wakati wa kutia sahihi. Evodi alikuwa ameandaa wino wa kuchovya vidole gumba. Baba akakitazama kile kidau cha wino kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa.

"Kidole ndicho tunachoweka kwenye kodi," alisema. "Kwenye kodi mimi ni kidole. Hapa nataka kuwa mimi."

Ni lazima niwaeleze jambo hili, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Kwetu kila mrina asali ana alama yake. Anaichonga kwa tezo kwenye ubavu wa mzinga kabla hajaupandisha mtini, na mzinga wenye alama haushikwi na mtu mwingine, hata ukikutwa safari ya siku tatu kutoka kwa mwenyewe, hata mtu awe anakufa njaa. Alama ya baba ilikuwa unyayo wa kanga: mikato mitatu inayokutana mahali pamoja, na mmoja mfupi nyuma. Aliipata kwa baba yake. Ya Bartolomeo ilikuwa upinde. Na sheria ya alama ni fupi. Ukiikana mbele ya watu, mizinga yako yote inakuwa ya yeyote atakayeikuta. Aliyekana alama amekufa, ila bado anakula ugali.

Evodi aliruka kwa furaha. "Baba, hilo ndilo! Gavana anasema msitu ni mali ya serikali. Sisi tutamwonyesha kwamba msitu una sahihi zetu tangu zamani, kwenye kila mti. Barua na msitu vitiwe sahihi moja!" Akawageukia wazee, mikono hewani. Hata mimi niliyezoea kumtania nilisisimka. Ilikuwa hoja nzuri. Niseme zaidi: lilikuwa jambo zuri kuliko yote yaliyokuwa kwenye barua ile, na halikuwa na hata neno moja.

Kila mzee akachora alama yake chini ya maandishi, polepole, ulimi nje. Evodi naye akataka kujibunia ya kwake. Baba akamkatalia.

"Una mzinga wapi, mkwe?"

"Sina, Baba."

"Alama isiyo na mzinga mtini ni uongo. Wewe tia jina lako kwa kalamu, inakutosha."

Akatia jina lake, kwa mikia mingi. Na kwa kuwa barua yoyote ya kwenda kwa Gavana ilikuwa lazima ipitie kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ikapelekwa Mpanda mjini kwa lori la mnunuzi wa nta.

Bwana Shauri alikuja mwenyewe. Hatukutegemea. Tulitegemea kimya, maana kimya ndiyo majibu tuliyoyazoea. Alikuja asubuhi na lori lililofunikwa turubai na askari wanne wa wanyama, akaagiza watu wote wakusanyike uwanja wa baraza. Alikuwa kijana, shingo nyekundu, mpole. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kama cha kitabu cha sala. Akaikunjua barua mezani, akailainisha kwa kiganja, akasema ameisoma mara nyingi na ameipenda.

"Nani ameiandika?"

Evodi akasimama. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, Juliana mapajani, na niliuona mgongo wa mume wangu ukinyooka.

"Naomba unifundishe," alisema Bwana Shauri. "Huu moshi ni nini?"

"Moshi ni ugonjwa, Bwana. Malale."

"Na aliyeziba mzinga ni nani?"

Evodi akasita. "Ni hali, Bwana. Hali ya wakati ule."

Watu wakacheka, na Bwana Shauri akacheka nao. Akauliza juu ya asali, akauliza juu ya masega, na kwa nini amesema nyuki na hakusema ng'ombe, wakati ng'ombe nao hufungiwa zizini. Evodi akamjibu kwamba ng'ombe hufungiwa na mwenyewe, lakini nyuki hana mwenyewe, ana jirani tu. Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa kustaajabu na kuandika pembeni ya barua. Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Miaka yote ile mume wangu anashona nguo za maneno, hatimaye amepatikana mtu wa kupapasa kitambaa.

"Na hizi picha za chini?"

"Si picha, Bwana. Ni sahihi." Na Evodi akamweleza. Akamweleza vizuri, kama anayefundisha katekisimu: jinsi alama inavyochongwa, jinsi inavyorithiwa, jinsi msitu ulivyokwisha kutiwa sahihi kabla serikali haijajua kuna msitu.

"Kwa hiyo kila alama ni mtu mmoja?"

"Mmoja tu."

"Haiwezekani watu wawili wakawa na alama moja?"

"Haiwezekani kabisa, Bwana."

Hapo ndipo nilipomwona baba akifumba macho. Mimi nilikuwa bado natabasamu.

Bwana Shauri akawaashiria askari. Wakatoa turubai. Wakashusha mizinga miwili, wakaiweka mezani mbele ya barua, ubavu ukitutazama. Mmoja ulikuwa na upinde. Mwingine ulikuwa na unyayo wa kanga, na mikato yake ilikuwa bado myeupe, mbao mbichi, ya msimu ule ule.

Nikamshika Juliana kwa mikono miwili.

"Mizinga hii imekutwa ndani ya hifadhi," alisema Bwana Shauri, na sauti yake ilikuwa bado ya upole, ndiyo iliyonitia baridi. "Ni mipya. Mwenyewe ameingia baada ya amri. Kifungo chake ni miezi sita, na kila mzinga wenye alama yake utachomwa moto. Lakini mimi sitaki kumfunga mtu kwa kubahatisha. Nitauliza tu. Ambaye alama hii si yake, aseme si yake, aende nyumbani. Ila basi hata hapa kwenye barua itakuwa si yake, na barua isiyo na sahihi siwezi kuipeleka kwa Gavana."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa, halafu nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu anayekanyaga mtego na kusikia kamba ikivuta. Akiikubali barua, amejifunga. Akiukana mzinga, ameichana barua. Na mtego tulikuwa tumeutengeneza wenyewe, kwa mikono yetu, Jumapili baada ya sala, tukifurahi.

Evodi alikuwa amekuwa rangi ya majivu. "Bwana," alisema, "nilizichora zote mimi. Wazee hawajui lolote. Niliziona zamani msituni nikaziiga."

"Kaa chini, mkwe," alisema baba.

"Baba, niache niseme."

"Kaa chini! Umesema ya kutosha leo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akimpazia sauti mkwewe mbele za watu. Evodi akakaa. Bwana Shauri akaweka kidole kwenye upinde. "Hii ni ya nani?"

Bartolomeo alikuwa na watoto saba nyumbani, na mkewe alikuwa na mimba. Nasema hivyo kwa sababu watu wamemsema vibaya na mimi nimechoka kuwasikia. Alisimama, akautazama ule mzinga muda mrefu. Kisha akasema, "Siijui."

"Na hii?"

Baba alinyanyuka kwa shida, goti lake lilikuwa baya. Akatembea mpaka mezani. Hakumtazama Bwana Shauri. Akaweka kidole gumba ndani ya mkato wa kati wa unyayo wa kanga, kikakaa sawasawa.

"Ni mimi," alisema.

Hakulia walipomfunga mikono. Alilia alipopita mbele ya Bartolomeo. Akamwambia kwa Kikonongo, lugha yetu, maneno ambayo nitayaweka hivi: "Rafiki yangu, nani atakuzika?" Bartolomeo akajifunika uso kwa shati. Wazee wengine, ambao mizinga yao haikuwa imekutwa, walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao, na kila mmoja nilijua anahesabu moyoni mizinga yake iko miti gani.

Bwana Shauri akauliza ni nani mwingine anayekiri alama yake; hakuinuka mtu. Akachukua kalamu, akakata alama moja moja kwenye barua, kwa mstari ulionyooka, akabakiza unyayo wa kanga na jina la Evodi. "Nitaipeleka," alimwambia mume wangu. "Nimeahidi. Lakini utaona mwenyewe kwamba umeandika 'sisi' mahali pengi." Wakampandisha baba kwenye lori, wakaondoka.

Siku zilizofuata tuliona moshi kusini, upande wa hifadhi. Ulikuwa unapanda hapa, unakufa, unapanda mbele kidogo, na tulijua kwamba askari wanatembea mti kwa mti. Niliomba kibali cha kwenda Mpanda kumwona baba gerezani. Bwana wa zahanati akanipapasa shingo, akasema anaona uvimbe, nisubiri. Nikarudi tena, akasema tena nisubiri. Sikuwa na uvimbe. Nilikuwa na baba mfungwa, na hilo inaonekana nalo huambukiza.

Katikati ya mambo hayo kundi la nyuki likaja kutua ndani ya kanisa, chini ya paa, mchana, wakati wa katekisimu. Walikuwa wametoka kule kunakochomwa, hapakuwa na mahali pengine pa kutoka. Walijikunja juu ya altare, weusi, wakinguruma. Evodi alikimbia kuniita, macho yanawaka, na kwa mara ya kwanza tangu baba achukuliwe nikaona anataka kuandika.

"Usithubutu," nikamwambia. "Ukiandika kwamba nyuki wamekimbilia kanisani watasema umetunga."

"Lakini ni kweli!"

"Ndio ubaya wake."

Alikaa chini pale pale mlangoni. Akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Nilikuwa nimemkasirikia, na hasira yangu ilikuwa haijui pa kukaa, maana alichokosa ni nini? Aliulizwa swali zuri akalijibu vizuri. Nilikaa karibu naye, tukawasikiliza nyuki mpaka jua likageuka.

Baba alifia gerezani mwezi wa nne wa kifungo. Walisema kifua. Habari ililetwa na mtu wa Mwese aliyekuwa amefungwa naye, naye alisema mzee alikuwa akimwuliza jambo moja tu: kama kuna aliyechonga msimu huu. Kasimiri amelala kaburini, baba hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, na kwetu mwanamke hubeba vilindo, huchuja asali, huchemsha nta, ila hachongi alama. Unyayo wa kanga ulikuwa umekwisha. Mizinga yake yote ilikuwa majivu.

Nililia nikamaliza. Kisha nikamwambia Evodi aandike barua nyingine.

Aliiandika safari hii bila nyuki, bila moshi, bila kizibo. "Sisi watu wa makazi haya tunaomba ruhusa ya kurudi katika vijiji vyetu, au ya kuingia msituni kwa ajili ya mizinga yetu." Ilikuwa kavu kama ugali wa jana. Akazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine alikuwa hayupo ingawa tulimsikia akikohoa ndani. Bartolomeo alikuja kwetu mwenyewe. Hakukubali kigoda, alisimama mlangoni.

"Ningetia," alisema. "Natia nini? Mimi sina alama."

"Tia kidole, mzee wangu," alisema Evodi.

"Kidole changu nani anakijua?" Akaaga, akaenda zake.

Evodi akaiweka karatasi kwenye meza, akakaa akiitazama. "Sina wa kuandika 'sisi' tena," alisema. "Labda niandike 'mimi'."

Nikachukua kalamu mkononi mwake. Mimi kalamu naishika vibaya, naishika kama mwiko, lakini mikato minne si kazi. Nilichora mitatu inayokutana mahali pamoja, na mmoja mfupi nyuma.

Alinishika kifundo cha mkono. "Mama Juliana, umefanya nini? Wao wanajua mwenyewe amekufa. Wakiuona huu watajua kuna mwingine."

"Nataka wajue."

"Watakutafuta."

"Watafute. Na wewe rudisha nyuki wako kwenye barua hii, rudisha na vizibo. Baba hakufia ugali wa jana."

Akavuta karatasi mpya. Nilimwacha akiandika. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalitoa tezo la baba chini ya dari ya ghala lilipokuwa limechomekwa, nikajaribu makali yake kwa kidole. Nikamfunga Juliana mgongoni nimpeleke kwa mama mkwe. Kutoka pale mpaka mstari wa msitu hakuna pa kujificha, kote kumefyekwa, anayetaka kukuona atakuona. Lakini nilikuwa nimeshatia sahihi, na alama isiyo na mzinga mtini ni uongo.